Kusomea Sayansi ya Moto: Mwongozo kwa Kijana wa Moshi au Arusha Anayeitaka Kazi ya Zimamoto

Usiku wa katikati ya Oktoba 2020, mtu aliyesimama Moshi mjini na kutazama Mlima Kilimanjaro aliona mstari mwekundu ukitambaa gizani. Moto ulikuwa umeanza Oktoba 11 eneo la Whona, pale wapanda mlima wanapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo, na ulikuwa ukila vichaka vikavu vya ukanda ulio juu ya msitu. Mimi ni mwalimu wa kemia, na wiki ile wanafunzi wangu waliniuliza swali moja kwa namna nyingi: mbona magari ya zimamoto hayapandi? Jibu lake lilikuwa somo zima. Barabara hakuna, bomba hakuna, moto hupanda mteremko haraka kuliko unavyoushuka kwa sababu miali yake huyainamia na kuyakausha majani yaliyo juu yake kabla haijayafikia, na kwenye mita 3,000 mgandamizo wa hewa ni takribani asilimia 70 ya ule wa pwani, kwa hiyo anayepiga moto kwa matawi mabichi hutweta kabla hajaanza kuchoka kwa kweli.

Tangu hapo kila mwaka hujitokeza wanafunzi wawili watatu wanaotaka kujua njia ya kufika kwenye kazi hiyo. Ninayowaambia ndiyo haya, kwa mpangilio ninaoona unafaa, na mpangilio huo ndio ninaousisitiza kuliko jambo jingine lolote, kwani wengi niliowaona wakipoteza miaka hawakukosa akili wala nguvu. Walianza na hatua ya tano wakaiacha ya pili.

Hatua ya kwanza: jua unaiendea kazi ipi

Neno zimamoto huleta picha ya gari jekundu na king'ora. Picha hiyo si ya uongo, lakini katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha milango ya kazi hii haipungui minne, na kila mmoja una masomo yake.

Mlango mkubwa ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na linalofanya kazi kwa sheria iliyotungwa mwaka 2007. Zamani huduma hii ilikuwa mikononi mwa halmashauri za miji. Leo askari wake ana cheo, kiapo na uhamisho kama askari wa vyombo vingine, maana yake ni kwamba aliyeingia kwa kuupenda mji wa Moshi anaweza kujikuta amepangiwa Sumbawanga, na hilo ni vyema alijue mapema, yeye na wazazi wake.

Mlango wa pili ni viwanja vya ndege. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro uko katikati ya miji yetu miwili, na njia yake ya kurukia ndege ina urefu wa mita 3,600 hivi. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka kikosi cha zimamoto cha uwanja kiweze kufika mahali popote kwenye njia hiyo ndani ya dakika 3, na ikiwezekana ndani ya dakika 2, kuanzia kengele inapolia. Hiyo ni kazi ya kusubiri kwa nidhamu siku 364 ili siku moja usikosee, na si kila mtu ana moyo wa kusubiri.

Mlango wa tatu ni hifadhi na misitu. Anayevutiwa na moto wa nyikani afikirie Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kilichopo Mweka, juu kidogo ya Moshi, ambacho kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1963, au masomo ya misitu. Huko moto hausomwi kama adui peke yake, kwa kuwa zipo nyakati ambapo mhifadhi huwasha moto mdogo mapema, majani yakiwa bado na unyevu, ili moto mkubwa wa kiangazi ukifika usikute chakula. Mlango wa nne ni viwanda, hoteli, maghala na vituo vya mafuta, ambako sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde maisha ya wafanyakazi wake, na kwa hiyo huhitaji maofisa usalama wanaouelewa moto.

Ushauri wangu kwa asiye na mtaji ni kuulenga mlango wa kwanza, kwa sababu Jeshi humfundisha askari wake lenyewe baada ya kumwajiri.

Hatua ya pili: usiyaache masomo ya sayansi kidato cha tatu

Hapa ndipo wengi hujikwaa, tena bila kujua. Mwanafunzi huambiwa kwamba zimamoto ni kazi ya misuli, akaiacha fizikia na kemia mara anaporuhusiwa kuchagua. Miaka sita baadaye anagundua kwamba stashahada nyingi za uhandisi na za usalama zinadai ufaulu katika masomo hayohayo. Shika fizikia, kemia, hisabati na biolojia hadi mtihani wa kidato cha nne, hata kama alama zako za kemia ni za kusuasua, maana alama ndogo katika somo ulilolifanya inaweza kurekebishwa kwa kurudia mtihani, ilhali somo ambalo hukulisoma kabisa ni mlima mwingine. Kidato cha tano, tahasusi za PCM (fizikia, kemia na hisabati) na PCB (fizikia, kemia na biolojia) zote zinafaa. PGM (fizikia, jiografia na hisabati) ina faida yake kwa anayeelekea kwenye moto wa nyika, kwa kuwa jiografia ndiyo inayofundisha upepo, mteremko na usomaji wa ramani.

Kiingereza nacho usikidharau. Maandiko ya taaluma hii, maelezo yaliyobandikwa kwenye mitambo na mitihani ya kimataifa viko kwa lugha hiyo, na sijamwona mwanafunzi aliyevuka kwa kukariri.

Kwa aliyepata daraja la nne, mambo hayajaisha. VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, ipo Moshi na ipo Arusha. Fundi umeme, fundi bomba, fundi magari na dereva mwenye leseni ya magari makubwa ni watu ambao kikosi cha zimamoto hakiwezi kufanya kazi bila wao, na matangazo ya ajira ya Jeshi yamekuwa yakitaja fani za aina hiyo.

Hatua ya tatu: jifunze tabia ya moto kabla hujaingia chuo chochote

Sehemu hii nitaikalia, kwa sababu ndiyo sayansi yenyewe na kwa sababu sehemu kubwa yake inaweza kusomwa jikoni kwenu bila ada.

Anza na kuni. Tazama kwa makini ukuni unaowaka, utaona kwamba miali haijakaa juu ya mti wenyewe. Kuna upenyo mdogo kati ya mwali na gome. Mti hauwaki moja kwa moja. Joto huuvunjavunja mti ukatoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazokutana na hewa zikawaka. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya kazi, kwa kuwa kuzima moto ni kukata mojawapo ya mahitaji yake: kuondoa joto ili gesi zisizalishwe, kuzuia hewa isizifikie, kuondoa kinachoungua, au kuukatiza mnyororo wa mmenyuko wa kikemikali unaoendelea ndani ya mwali, ambayo ndiyo kazi ya unga mkavu uliomo katika mitungi mingi ya kuzimia moto. Shuleni tulizoea kuchora pembetatu ya joto, oksijeni na kitu cha kuungua. Chuoni utaongezewa upande wa nne, yaani mnyororo huo.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka hadi karibu 16, miali mingi hufifia na kufa, lakini joto haliondoki, na gesi zilizokwisha kuzalishwa hubaki zimening'inia chumbani zikisubiri. Mtu akiufungua mlango wa chumba kama hicho kwa pupa, hewa huingia kwa mkupuo na chumba chote hulipuka kumkabili. Ndiyo maana askari aliyefunzwa hulisoma kwanza dirisha lililofunikwa na masizi, huugusa mlango, huutazama moshi kama unapumua kwa kuingia na kutoka kwenye nyufa, kisha ndipo anapoamua. Jirani mwenye nia njema hufanya kinyume: huvunja dirisha kwanza.

Hatari nyingine ni ya chumba kilicho wazi. Moshi wa moto hupanda ukakusanyika darini, joto lake likafika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, ukaanza kumulika joto chini kama jua. Kochi, zulia na pazia ambavyo bado havijaguswa na mwali huanza kufuka, na kwa muda mfupi sana vyote hushika moto kwa pamoja. Baada ya hapo hakuna wa kuokoa aliyebaki ndani. Vyumba vya siku hizi vilivyojaa sponji na plastiki hufikia hali hiyo mapema kuliko vyumba vya babu zetu vyenye viti vya mbao na kamba.

Nenda kwenye mafuta. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 43 chini ya sifuri, wakati mafuta ya taa huhitaji joto la takribani nyuzi 38 au zaidi, na dizeli huhitaji zaidi ya 50. Kwa maneno mengine, petroli iliyomwagika mchana katika barabara ya Moshi haisubiri kitu ila cheche, na mvuke wake, ambao ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini hadi mahali ambapo mwenye kuchota hakuudhania. Agosti 10, 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakajazana kuchota, na moto uliofuata uliua zaidi ya watu 100. Mwanafunzi wa sayansi ya moto anapaswa kuweza kuieleza siku ile kwa kemia, hatua kwa hatua, bila kuwatukana marehemu.

Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili, kwa hiyo mtungi unaovuja hujaza chumba kuanzia sakafuni kama maji. Ikifika asilimia 2 hivi ya hewa ya chumba inaweza kuwaka. Ikizidi asilimia 10 gesi huwa nyingi mno na hewa kidogo mno kuweza kuwaka, jambo linalowadanganya watu, kwa sababu kufungua dirisha huirudisha kwenye kiwango cha hatari kabla haijaisha. Kwa hiyo unapofungua milango na madirisha, hugusi swichi yoyote, unafunga valvu ukiweza kuifikia, unatoka nje na kukaa mbali hadi hewa ibadilike.

Kisha maji. Wengi hudhani maji huzima moto kwa kuulowesha. Kilo moja ya maji ya nyuzi 20 hunyonya kilojuli 335 hivi hadi ichemke, lakini ili igeuke mvuke hunyonya nyingine 2,257, karibu mara saba. Nguvu ya maji basi imo katika kugeuka mvuke, na ndiyo sababu pua ya mpira wa maji hutawanya matone madogo badala ya kumwaga mkondo mmoja kila wakati. Mvuke huo huchukua nafasi mara 1,700 hivi ya maji yaliyouzaa. Ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kumbabua askari aliyemwaga maji bila kufikiri, na ndani ya karai la mafuta ya chipsi linalowaka hurusha mafuta hadi darini. Karai hufunikwa kwa mfuniko na jiko huzimwa. Halimwagiwi maji hata tone.

Mwisho wa sehemu hii ni moshi, na mfano wake wauona kila Juni na Julai baridi ya Arusha inapokaza, watu wanapoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni. Katika nyumba inayoungua, hii ndiyo inayowaua wengi kabla mwali haujawafikia, na ndiyo inayomfanya askari avae mtungi wa hewa hata anapofukua majivu ya moto uliokwisha kuzimwa.

Angalizo kwa anayejisomea mtandaoni: Waingereza na nchi za Ulaya hugawa moto katika madaraja ya A kwa vitu vigumu kama mbao, B kwa vimiminika, C kwa gesi, D kwa metali na F kwa mafuta ya kupikia, ilhali Wamarekani huita C moto wa umeme na K ule wa mafuta ya kupikia. Mwanafunzi aliyechanganya vitabu viwili huandika jibu sahihi la nchi nyingine.

Hatua ya nne: fanya hesabu za zimamoto

Hesabu zenyewe si ngumu, ila hufanywa kwa haraka na mtu aliyechoka, kwa hiyo zizoee ukiwa umekaa. Gari lenye lita 5,000 likitoa maji kwa mpira mmoja lita 450 kwa dakika litaishiwa baada ya dakika 11 tu. Ukifungua mipira miwili una dakika tano na nusu. Ndipo utakapoelewa kwa nini wananchi hulalamika kwamba gari limekuja bila maji, wakati mara nyingi lilikuja nayo na yakaisha, na kwa nini swali la kwanza la kiongozi wa kikosi ni wapi ilipo haidranti ya karibu, yaani bomba la kuchukulia maji ya kuzimia moto.

Kila mita 10 za kupanda hula takribani presha ya bar 1. Kwa hiyo kupeleka maji ghorofa ya nne, mita 12 hivi juu, kunagharimu bar 1.2 kabla hujahesabu msuguano ndani ya mpira, ambao huongezeka kwa kasi kadiri mpira unavyokuwa mwembamba na maji yanavyokimbizwa.

Hesabu ya hewa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi bar 300 una lita 1,800 za hewa. Bar 50 za mwisho huachwa kama akiba ya kutokea, yaani lita 300, hivyo zinabaki 1,500. Anayefanya kazi ya kadiri hutumia lita 40 kwa dakika, atakaa dakika 37. Anayepanda ngazi akiburuta mpira anaweza kufika lita 60, akabakiwa na dakika 25, na ndani ya hizo kuna za kuingia na za kutoka. Mtu mwenye mapafu yaliyozoea mazoezi ana dakika zaidi ya mwenzake aliyevaa mtungi uleule.

Hatua ya tano: chagua chuo, na kikague kabla ya kulipa

Chuo cha Jeshi lenyewe kipo Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Huko hupelekwa askari baada ya kuajiriwa. Mtu haendi kujiandikisha kama anavyojiandikisha chuo cha ualimu. Kijana wa Arusha anayetaka kusoma kwanza na kuomba ajira baadaye ana njia ya kujijenga kwa fani ya jirani: uhandisi wa majengo, umeme au mitambo katika Chuo cha Ufundi Arusha, kwa mfano, au usalama na afya kazini, au sayansi ya maabara. Fani hizi zina faida moja kubwa, kwamba usipopata nafasi ya zimamoto unabaki na kazi mkononi.

Vipo pia vyuo vinavyotangaza kozi fupi za moto na usalama. Vingine ni vizuri. Lakini kijana mmoja niliyemfundisha alilipa ada ya mwaka mzima kwenye chuo ambacho sitakitaja, akapewa cheti chenye muhuri mkubwa na picha ya mwali wa dhahabu, na alipokipeleka kwenye usaili aliambiwa kwa upole kwamba chuo hicho hakikuwa na usajili. Ng'ombe wawili wa baba yake walikuwa wameishia hapo. Kabla ya kulipa shilingi, tafuta jina la chuo na jina la kozi katika orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na kama ni chuo kikuu tafuta katika orodha ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Angalia vyote viwili, kwa kuwa chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi unayouziwa ikawa haijathibitishwa. Uliza pia kama wana uwanja wa mazoezi, mipira, mitungi ya hewa na nyumba ya kufundishia moshi. Kozi ya moto inayofundishwa kwa projekta peke yake ni nusu ya kozi.

Kwa anayetaka kusonga mbele, ipo Institution of Fire Engineers ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1918, ambayo hutoa mitihani kwa ngazi na huwapokea watahiniwa walio nje ya Uingereza. Kusoma kwake ni kwa kujitegemea, jambo linalomfaa aliye kazini. Nchini India kipo National Fire Service College cha Nagpur, na kwa shahada ya uzamili kuna programu ya pamoja ya vyuo vikuu vya Ghent, Lund na Edinburgh inayofundisha uhandisi wa usalama wa moto, na ambayo hutoa ufadhili kwa baadhi ya wanafunzi wa nchi zetu. Edinburgh, kwa anayependa historia, ndiko James Braidwood alikoongoza kikosi cha zimamoto cha mji kuanzia mwaka 1824, kabla hajahamia London, ambako ukuta ulimwangukia akiwa kazini mwaka 1861. Lakini usiiweke ndoto ya Ulaya mbele ya shahada ya kwanza ya uhandisi, kwa kuwa hiyo ndiyo tiketi yake.

Hatua ya sita: andaa mwili

Sitasema mengi. Kimbia mara tatu kwa wiki, na kama unaishi Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, tayari mapafu yako yana kazi ya ziada itakayokusaidia ukishuka Handeni. Jifunze kuogelea, maana jina la Jeshi lina neno uokoaji, na kazi za visimani, mtoni na kwenye mafuriko haziishi. Panda ngazi ndefu ukiwa na mtu wa kuishika, ujue mapema kama kimo kinakutisha. Pima macho na masikio. Michoro ya kudumu kwenye ngozi imewakosesha vijana nafasi katika majeshi yetu, kwa hiyo anayefikiria kuchora jina la mchumba asubiri kwanza.

Hatua ya saba: omba kwa usahihi

Andaa bahasha moja sasa hivi, kabla tangazo halijatoka: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, vyeti vya NECTA, cheti cha fani kama unacho, cheti cha JKT kama ulipitia, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Hakikisha jina limeandikwa sawasawa kwenye vyote. "Emanuel" wa cheti cha kuzaliwa na "Emmanuel" wa cheti cha kidato cha nne ni watu wawili mbele ya mfumo wa kompyuta, na kurekebisha huchukua muda mrefu kuliko dirisha la maombi.

Tangazo likitoka, lisome lote. Umri wa chini huwa miaka 18, na ukomo wake hubadilika kulingana na kiwango cha elimu na fani; urefu, afya na rekodi ya tabia hutajwa humohumo. Tuma maombi kwa njia iliyoelekezwa tu. Nafasi hizi haziuzwi, na mtu anayekupigia simu akidai ana mjomba Dodoma atakayekupenyeza kwa laki tano ni tapeli, hata kama anaimba kwaya kanisani kwenu.

Kwenye usaili utaulizwa kwa nini umeichagua kazi hii. Anayejibu kwamba anaipenda nchi yake hajakosea, ila amejibu kama wenzake mia. Anayeweza kueleza kwa nini karai la mafuta halimwagiwi maji, au akataja namba ya dharura ya 114 na taarifa ambazo mpigaji anapaswa kuzitoa kwa mpangilio, yaani mahali, kinachoungua na kama kuna watu ndani, hukumbukwa.

Hatua ya nane: jiandae kwa yasiyoonekana kwenye picha

Miezi ya mwanzo chuoni ni kwata, mafundo ya kamba, kukunjua na kukunja mipira, kubeba mwenzako mgongoni, kutambaa kwenye moshi ukiwa umeshika ukuta. Rudia rudia hiyo ina sababu: gizani mkono unatakiwa ukumbuke kilichosahauliwa na kichwa.

Lakini sehemu kubwa ya utumishi wako haitakuwa kwenye miali. Itakuwa ukaguzi. Utapita madukani, shuleni, hotelini na kwenye maghala ukiwa na karatasi, ukiuliza maswali yanayowaudhi wenye mali. Juni 1994, katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga wilayani Rombo, moto wa bweni uliua wasichana zaidi ya 40. Kila ukaguzi wa bweni unaofanywa mkoani Kilimanjaro unapaswa kuanza na kumbukumbu hiyo. Mkaguzi huangalia kama bweni lina milango miwili ya kutokea iliyo mbalimbali, kama inafunguka kwenda nje, nani anashika ufunguo usiku na analala wapi, kama madirisha yana nondo zisizofunguka, vitanda vimebanana kiasi gani, na nyaya za kuchajia simu za siri zimepitishwa chini ya magodoro ya nani. Kisha huandika. Mwalimu mkuu atakwambia kwamba nondo ni kwa ajili ya wezi, naye hasemi uongo, kwa hiyo ni lazima uweze kumwonyesha nondo ya bawaba inayofunguka kwa ndani, na bei yake kwa fundi wa karibu.

Ukipangiwa kituo, wiki ya kwanza omba ruhusa utembee eneo lako kwa miguu ukiwa na daftari. Chora haidranti zote na uandike zipi zimefukiwa na lami au kuzibwa na kibanda cha mama lishe, vichochoro ambavyo gari kubwa halipiti, ghala linalohifadhi mbolea au magodoro, kisima cha hoteli chenye maji ya kutosha na jina la mlinzi mwenye ufunguo wa geti lake. Daftari hilo lirudie kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa miji hii inajengwa haraka, na kichochoro kilichokuwa wazi Januari hukikuta Aprili kimewekewa ukuta.